Kubadili, Kuvunja na Kuhawilisha: Fedha ya Msafiri Katika Historia ya Msamiati Wetu

Msafiri atokaye Arusha kwenda Nairobi hufika Namanga akiwa na shilingi mfukoni, huvuka mpaka, na upande wa pili hukuta shilingi. Jina ni moja lakini fedha si moja. Kabla hajapanda gari jingine atakuwa amesikia neno "chenji" mara tatu. Kijana mwenye bunda la noti humwuliza kama anataka kuchenji. Muuza chai humwomba ampe chenji, maana noti aliyoitoa ni kubwa mno. Naye utingo humwambia asubiri chenji yake hadi gari lifike. Wa kwanza anazungumzia kutoa fedha ya nchi moja na kupokea ya nchi nyingine. Wa pili anazungumzia fedha ndogo ndogo. Wa tatu anazungumzia baki. Mambo ni matatu, na neno ni moja.

Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba hali hii haikutokana na umaskini wa lugha yetu. Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa na neno mahsusi kwa kila tendo ambalo msafiri hulitenda kwa fedha yake akiwa mbali na kwao, na maneno hayo yalizaliwa njiani na sokoni, wala hayakuzaliwa katika vyumba vya kamati. Wafasiri na watumishi wa serikali wanaotafuta istilahi za fedha za kigeni watafanya vyema kuchungulia kwanza katika ghala hiyo ya zamani kabla ya kuagiza bidhaa mpya.

Shanga, nguo na masango

Katika karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuweza kutegemea sarafu. Reale za fedha zilipokewa pwani. Bara zilikuwa mzigo tu. Fedha ya njiani ilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo iliyotukuka kuliko zote ilikuwa merikani, yaani pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Baada yake ilifuata kaniki, nguo ya buluu ya kiza iliyotoka India. Vipimo vilikuwa vya mwili wa mtu: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Kipimo hicho cha mwisho kingali hai, kwani hata leo mwanamke akienda dukani hununua doti ya khanga, ingawa hakumbuki kwamba anataja fedha ya babu zake.

H. M. Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, alilazimika kujifunza hesabu hizo kwa wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kufika bara. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 alieleza kwamba katika nchi hizo shanga zilikuwa mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, yaani masango, mahali pa dhahabu. Lakini jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa jingine. Shanga iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya jirani. Shanga nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa fedha halisi Ugogo, na nje ya Ugogo hakuna aliyezitaka. Shanga nyeupe zilikubaliwa huku na kudharauliwa kule. Kwa hiyo msafiri alipaswa kukadiria, kabla hajafunga mizigo, atakaa siku ngapi katika kila nchi, na wapagazi wake watakula nini humo. Aliyekosea hesabu alibeba utajiri ambao haukuweza kununua hata kibaba cha mtama.

Njia hiyo ilituachia maneno mengine mawili ambayo watumishi wa serikali hawana budi kuyatambua. La kwanza ni hongo. Zamani lilikuwa jina la ushuru uliolipwa kwa mtawala wa nchi ili msafara upite, nao ulikuwa ushuru uliojulikana, ingawa wingi wake ulibishaniwa kwa siku nyingi. Leo neno hilo limeshuka heshima na maana yake ni rushwa. La pili ni posho, yaani chakula cha siku, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho, alizopewa mpagazi. Neno hili limegawanyika: huko Uganda limebaki jikoni likawa jina la unga wa mahindi na sima yake, na Tanzania limeingia ofisini likawa malipo ya siku ya mtumishi aliye safarini. Mfasiri anayetafsiri habari za misafara bila kujua mgawanyiko huu atawafanya watawala wa zamani kuwa wala rushwa na wapagazi kuwa maofisa.

Wabadili fedha wa Ujiji

Ushahidi ulio bora kuliko wote unatoka Ujiji. Verney Lovett Cameron alifika huko mwaka 1874, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1877. Anaeleza kwamba fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, nao waliwapa wanunuzi sofi hizo kwa kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipokwisha, watu hao hao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, na kuwarudishia shanga nyingine. Walipata faida asubuhi, na wakapata faida tena jioni.

Msomaji na atulie hapa kidogo. Habari hii inatuonyesha kazi kamili ya kubadili fedha, pamoja na bei mbili, ile ya kutolea na ile ya kupokelea, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kabla nchi hizi hazijawa na benki hata moja. Mtu aliyetoka Manyema na shanga za kwao hakuweza kununua samaki Ujiji mpaka apite kwanza kwa wabadili fedha, na alipoondoka aliacha kwao sehemu ya mali yake. Hivyo basi jambo ambalo wengi hulidhani kuwa la kigeni, na kwa hiyo kuhitaji jina la kigeni, lilikuwa desturi ya soko letu.

Reale, rupia, pesa na hela

Pwani mambo yalikuwa ya namna nyingine. Huko fedha ilikuwa fedha kweli, kwa maana neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni ile madini nyeupe. Sarafu zilitoka kila upande, na Waswahili walizipa majina kwa macho yao. Edward Steere, aliyekusanya msamiati wa Unguja katika miaka ya 1860, aliandika kwamba sarafu ya Maria Theresa iliitwa reale ya Sham, na ile ya Hispania yenye picha ya nguzo mbili iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa watu waliziona zile nguzo kama mizinga. Mtu aliyepokea malipo hakuhesabu tu bali alitazama ni reale ya namna gani, maana si zote zilizokuwa na thamani moja.

Kwa manunuzi madogo zililetwa pesa za shaba kutoka India, na jina lake ni la Kihindi. Sayyid Barghash alitoa pesa zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881/82. Pamoja na pesa ikaja rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Wajerumani waliitumia hesabu hiyo kwanza. Kisha mwaka 1904 wakaibadili, wakaigawa rupia katika sehemu 100 zilizoitwa Heller. Utawala wao ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza, na sarafu yao ikatoweka, lakini jina lilibaki: ndilo hela, ambalo Watanzania wengi hulitumia kila siku kwa maana ya fedha yoyote.

Mfano mwingine ni thumuni. Neno hili lilimaanisha sehemu ya nane ya reale. Katika soko la Unguja reale moja ilihesabiwa kuwa rupia mbili na kitu kidogo. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, rupia moja ilifanywa kuwa shilingi mbili. Hivyo reale ingekuwa shilingi nne na kidogo, na thumuni yake ingekaribia senti 50. Hesabu hii yaelekea kueleza kwa nini sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, au sumni, Kenya na Tanganyika, ingawa senti 50 si sehemu ya nane ya shilingi. Fedha ilibadilishwa na serikali, lakini watu waliendelea kupima kwa kipimo walichokizoea.

Neno sarafu lenyewe lina siri yake. Kamusi hulihusisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza na kubadili. Kutokana na mzizi huo huo Waarabu humwita mbadili fedha sarrafu. Masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtumishi kwa matumizi ya safari, ni ndugu wa neno hilo. Na sarufi, elimu ya jinsi maneno yanavyogeuka maumbo, ni ndugu wa tatu. Ofisa aliyechukua masurufu na mwalimu anayefundisha sarufi wamekaa katika nyumba moja pasipo kujuana.

Hundi na hawala

Kubeba fedha safarini ni hatari, na tangu kale wafanyabiashara walitafuta njia ya kusafiri bila kuibeba. Wahindi wa pwani walitumia hundi, yaani hati ambayo mtu mmoja anamwagiza mwenzake wa mji mwingine amlipe mwenye hati. Waarabu walitumia hawala, yaani kuhamisha deni: mimi ninakudai wewe, nami ninadaiwa na fulani, basi wewe umlipe fulani, na sote tuwe tumemalizana. Biashara kubwa ya misafara, ikiwa ni pamoja na ile ya Tippu Tip aliyepewa mali kwa mkopo na matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, ilisimama juu ya imani na maandishi ya namna hiyo.

Maneno haya mawili yaliingia katika maisha ya serikali kwa heshima kamili. Hundi imekuwa jina rasmi la hati ya benki, ingawa wengi husema cheki. Wakati kampuni ya American Express ilipoanzisha mwaka 1891 hati za benki za kutumiwa na wasafiri, lilianza jambo ambalo baadaye Kiswahili kililiita hundi ya msafiri bila taabu yoyote, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa. Siku hizi hundi hizo zimepungua mno, lakini jina lake lingali mfano mwema wa istilahi. Hawala nayo ilikuwa jina la fedha zipelekwazo kwa njia ya posta. Wazee wengi walisomesha watoto wao kwa hawala ya posta.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Katika maandishi ya kimataifa ya miaka ya karibuni neno hawala limetumiwa kwa mitandao ya kupeleka fedha nje ya utaratibu wa benki, na mara nyingi hutajwa pamoja na uhalifu. Mfasiri akiliandika tu "hawala" katika tafsiri ya Kiswahili, atakuwa ameitia hatiani hata hawala ya posta. Yafaa aseme "hawala isiyosajiliwa" au "hawala nje ya benki", ili kosa lisilo la lugha yetu lisiibandikwe lugha yetu.

Shilingi moja, kisha shilingi tatu

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919 huko London, na kuanzia 1921 shilingi yake ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Unguja na Pemba zilibaki na rupia hadi mwaka 1936. Kwa hiyo kwa miaka ipatayo kumi na mitano mtu aliyepanda chombo Unguja na kushuka Dar es Salaam alikuwa msafiri wa ng'ambo kwa upande wa fedha, ingawa lugha, ndugu na dini vilikuwa vile vile pande zote mbili. Baada ya hapo, kwa miaka 30, mtu aliweza kutoka Pemba mpaka Kampala na fedha moja mfukoni. Kizazi kizima kilikua bila kuhitaji neno la kubadili fedha katika safari za jirani.

Mwaka 1966 kila nchi ilianzisha benki kuu na fedha yake. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa shilingi yake tarehe 14 Juni mwaka huo, na Kenya na Uganda zikafuata. Jina la shilingi likabaki katika nchi zote tatu, na hiyo ndiyo asili ya mkanganyo wa Namanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kuanzia Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Ilikuwa enzi ya udhibiti wa fedha za kigeni. Aliyetaka kusafiri aliomba kibali benki, na aliyekosa aliangukia kwa walanguzi. Kwa sababu hiyo maneno yaliyostawi zaidi wakati huo ni magendo na ulanguzi. Kubadili fedha kulikuwa karibu na kosa, na jambo linalofanywa kwa kunong'ona halijengi istilahi safi.

Tanzania ilipopitisha Sheria ya Fedha za Kigeni mwaka 1992 na kuruhusu maduka ya kubadili fedha, shughuli hiyo ilirudi hadharani ghafla, nayo ikakuta msamiati wake umelala. Ndipo "chenji" ilipokamata nafasi zote tatu.

Hasara ya neno moja

Huenda msomaji akasema kwamba watu wanaelewana, basi tatizo li wapi? Tuchukue mfano. Tuseme ofisa anakwenda Lusaka kwa kazi ya serikali, naye ananunua dola 100 kwa shilingi 2,560 kila moja, yaani shilingi 256,000. Anatumia dola 60 na kurudi na dola 40. Duka la fedha linazinunua kwake kwa shilingi 2,500 kila moja, na anapata shilingi 100,000. Karani akihesabu dola 60 kwa bei ya kwanza atapata shilingi 153,600, na akijumlisha na zilizorejeshwa atapata 253,600. Shilingi 2,400 hazionekani. Fomu ya kurejesha masurufu ikiwa na nafasi moja tu iliyoandikwa "chenji iliyorudishwa", karani atasema ofisa amepungukiwa, naye atakatwa mshahara. Kumbe fedha hizo hazikupotea. Zimebaki kwa mbadili fedha, kama zilivyobaki kwa wenye sofi wa Ujiji. Fomu yenye nafasi ya "tofauti ya viwango" ingemaliza shauri hilo kabla halijaanza.

Vivyo hivyo mbao za maduka ya fedha. Zinapoandikwa "Kununua" na "Kuuza", mgeni wa mambo hayo hudhani kwamba anayenunua ni yeye. Mwenye duka ndiye anunuaye na ndiye auzaye. Kiambishi kimoja tu, "Tunanunua" na "Tunauza", kinatosha kuondoa shaka. Huo ni uwezo wa sarufi yetu ambao lugha nyingi hazina.

Kwa hiyo tunapendekeza, kwa kujadiliwa na wenzetu, mgawanyo ufuatao. Kubadili fedha kuwe kutoa fedha ya nchi moja na kupokea ya nchi nyingine. Kuvunja noti kuwe kupata fedha ndogo za nchi ile ile, na kusitumiwe kwa dola au faranga. Baki kuwe kile anachorudishiwa mnunuzi. Kuhawilisha fedha kuwe kuzipeleka mahali pengine bila kuzibeba, na hawala iwe jina la tendo hilo. Kiwango cha kununulia na kiwango cha kuuzia vitajwe daima kwa upande wa mbadili fedha. Neno chenji liachwe huru mitaani, kwani halina hatia huko. Lakini lisiingie katika fomu, katika sheria wala katika vitabu vya shule.

Njia za malipo zitaendelea kubadilika. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 ilichukua jina la pesa, sarafu ile ya shaba kutoka India, na waendeshaji wa vibanda vyake wanaitwa mawakala, neno la kale la biashara ya pwani. Hakuna aliyelalamika kwamba maneno hayo ni mazee mno kwa chombo kipya. Tena hekima ya misafara haijachakaa: msafiri aingiaye Lubumbashi na dola iliyochanika ukingoni hukataliwa, kama alivyokataliwa yule aliyetoka Ugogo na shanga za bubu. Noti zetu zinataja fedha halali, na kila msafiri hujifunza kwamba uhalali huo huishia mpakani. Akifika hapo anahitaji mambo mawili: mbadili fedha mwaminifu, na neno lisilomdanganya. La kwanza ni kazi ya wengine. La pili ni kazi yetu.